Upasuaji kwa anayetumia methadoni: maumivu yatibiwe, dozi isikatwe

Aliyeacha unga na sasa anakunywa methadoni huenda akaona haya kulisema hilo anapolazwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi, Voi, kwa upasuaji. Aseme, tena mapema, kabla ya siku ya kisu. Methadoni, iliyoanza kutolewa Malindi mwaka 2015, huzuia arosto kwa saa 24 au zaidi, lakini nguvu yake ya kutuliza maumivu hudumu saa 6 hadi 8 tu. Kwa hiyo dozi ya kila siku huendelea, na maumivu ya kidonda hutibiwa kando: parasetamoli, dawa za jamii ya brufeni, ganzi, na mofini ikihitajika, pengine kwa kipimo kikubwa kuliko cha wagonjwa wengine. Akilalamika kwamba bado anaumwa, si lazima awe anatafuta stimu; mwili wake umezoea dawa.

Sindano ya pentazosini aepushwe nayo, kwani huweza kumletea arosto papo hapo. Kwa kuwa methadoni hunywewa mbele ya mhudumu, wodi huuliza kliniki yake kipimo na siku aliyokunywa mara ya mwisho.

Nyumbani, tembe za maumivu zitunzwe na jamaa anayeaminika. Aliyekaa miezi bila unga kisha akarudia kipimo chake cha zamani anaweza kukata pumzi na kufa.