Pushirodi Ikipinda, Nyundo Iwekwe Kando

Mkanda wa taiming wa Land Rover yenye injini ya dizeli 300Tdi ukikatika safarini, gari huzima hapo hapo. Dereva asiendelee kupiga starta, maana kila mzunguko waweza kuongeza hasara. Fundi akifungua kifuniko cha juu hukuta roka zimelegea, na chini yake fimbo kadhaa zimepinda kama upinde.

Katika injini hii ya lita 2.5, iliyoingia kwenye Defender na Discovery mwaka 1994, kamshafti imekaa chini, ubavuni mwa bloku. Husukuma tapeti, tapeti nayo huinua fimbo nyembamba ya chuma iitwayo pushirodi. Fimbo hunyanyua ncha moja ya roka, ncha ya pili ikakandamiza vali. Silinda nne, vali nane, fimbo nane.

Mkanda ukikatika, kamshafti husimama wakati krenki bado inazunguka. Pistoni hupanda na kugonga vali zilizoachwa wazi. Kwa kuwa vali zimesimama wima, pigo hupanda moja kwa moja hadi kwenye roka, na kiungo chembamba kuliko vyote, pushirodi, ndicho kinachosalimu amri. Fimbo hiyo hufanya kazi ya fyuzi: ikipinda, mara nyingi vali hupona.

Basi inauma kuona fundi akiilaza fimbo juu ya chuma na kuigonga nyundo ili "irudi". Chuma kilichokwisha kupinda hupinda tena kwa urahisi palepale. Fimbo inayotiliwa shaka iviringishwe juu ya kioo, ikirukaruka, itupwe.

Kubadilisha fimbo peke yake hakutoshi. Kila roka ikaguliwe kama ina ufa au ncha iliyolika, na vikofia vidogo vya juu ya vali vihesabiwe vyote vinane, kwani hudondoka kirahisi. Baada ya mkanda mpya kufungwa, tapeti zisetiwe injini ikiwa baridi kwa nafasi ya milimita 0.20. Mafundi wana hesabu yao ya tisa: vali ya 8 ikiwa imezama kabisa, husetiwa ya 1, ya 6 ikizama, husetiwa ya 3.

Mwisho ipimwe kompresheni ya silinda zote nne. Silinda itakayobaki chini ya nyingine huenda ina vali iliyoguswa, na hapo hedi lazima ishuke.