Mchanga wa Majengo, Maji ya Ukambani

Miezi michache iliyopita tulialikwa Nairobi, katika mtaa wa Pumwani ambao wenyeji wake huuita Majengo, tukakae na kamati ya madrasa moja inayojenga ghorofa ya pili kwa ajili ya mabinti. Tulipofika alfajiri tulikuta mbele ya mlango chungu kubwa ya mchanga ulioshushwa usiku. Watoto walikuwa wameshaupanda na kuuteremka mpaka kanzu zao zimebadilika rangi.

Mama mmoja mtu mzima, Mkamba aliyeolewa Majengo zaidi ya miaka thelathini iliyopita, alitutolea salamu, kisha akachota mchanga ule kwa kiganja na kuuangalia.

"Sheikh, huu mmeununua wapi?"

Mweka hazina akamjibu kwa adabu kwamba umeletwa na dalali, na bei yake ilikuwa nafuu.

"Huu ni mchanga wa mtoni, baba," akasema. "Kwetu huo ndio kisima."

Sisi tuliozaliwa pwani, mchanga kwetu ni kitu cha kukanyaga tu, kwa hiyo kauli ile ilitubidi tuelezwe. Mito mingi ya Ukambani, kama vile Kaiti na Thwake katika Kaunti ya Makueni, hutiririka wakati wa mvua na baadaye hukauka machoni pa watu. Lakini maji hayajaondoka yote. Yamejificha ndani ya mchanga, jua haliyafikii kwa urahisi, wala mifugo haiyachafui. Robo ya ujazo wa mchanga ulioshiba, pengine hata theluthi, huwa ni maji. Mwanamke huenda mtoni na kata na ndoo, akafukua kidogo, akangoja shimo lijae taratibu, akateka maji safi. Mchanga ukisombwa mpaka mwamba ukaonekana, mvua inayofuata hupita mbio, kingo zikaporomoka, na mwanamke yule huongezewa kilomita katika safari yake ya maji.

Na mchanga unasombwa kwa sababu mji unajengwa. Eastleigh, Umoja, Kayole, Pipeline: kila ghorofa unayoiona katika mitaa ya mashariki ya Nairobi imekula mchanga wake. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yako Nairobi humo humo, linakadiria kwamba dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka.

Watu wa Makueni hawakukaa kimya. Mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA, ilikuwa imetoa mwongozo wa uvunaji wa mchanga tangu mwaka 2007, lakini mwongozo ulio kabatini hauzuii lori. Waliozuia ni wanakijiji wenyewe. Walisimama njiani, wakawatoa taarifa wachimbaji, wakagombana hata na vijana wao waliokuwa wakilipwa kupakia. Mara nyingine malori yalichomwa moto, jambo ambalo hatuliungi mkono, ila tunaelewa limetoka wapi. Wapo waliolipa kwa roho zao: mwaka 2011 askari polisi mmoja wa huko aliyewapinga wachimbaji aliuawa kwa kukatwakatwa.

Sambamba na hayo, vikundi vya mwethya, yaani kazi ya ujima ambayo kwa Wakamba hubebwa zaidi na akina mama, viliendelea kujenga mabwawa ya mchanga: ukuta wa mawe na saruji unaokatiza mto ili mchanga usimame na maji yasimame nao. Hebu fikirini, mwanamke amebeba mawe kichwani misimu miwili ili mchanga ujae nyuma ya ukuta, kisha lori moja likaja usiku likaukomba.

Mwaka 2015 kilio hicho kikawa sheria. Bunge la Kaunti ya Makueni lilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga, ikaundwa mamlaka maalumu ya kuusimamia, na biashara ya kuutoa nje ya kaunti ikapigwa marufuku. Mkazi bado anaruhusiwa kupata mchanga wa kujengea kwao kwa utaratibu. Tunaona hiyo ni hukumu ya haki, na haiko mbali na walivyofundisha wanazuoni wetu kwamba maji ni mali ya ushirika, na kwamba manufaa ya mmoja hayajengwi juu ya madhara ya wengine. Kasoro ni kwamba sheria ya kaunti moja hukoma mpakani. Dalali akifungiwa mto huu huugeukia wa jirani, au husafiri usiku.

Msomaji wa Malindi naye asiyaone haya kuwa ya mbali. Thwake huingia Athi, na mto wa Nairobi unaopita pembeni mwa Majengo huingia Athi vilevile. Athi hiyo ndiyo inayomwaga maji baharini kwenu kwa jina la Sabaki.

Tukirudi madrasani, kamati ilijadili mpaka adhuhuri. Wengine walisema fedha zimeshalipwa na sisi hatukuiba. Mmoja alitaka mchanga urudishwe. Mama yule akacheka: "Mturudishie wapi? Mto haujazwi kwa lori." Nasi tulipoulizwa tulikiri kwamba miaka yote tumehimiza michango ya ujenzi, na hatujawahi kuuliza asili ya mchanga hata siku moja.

Wakakubaliana chungu ile itumike, kwa kuwa haina pa kurudi, na kuanzia hapo dalali asiyeonyesha karatasi za mchanga wake asipokewe. Kazi iliyobaki ikafanywa kwa unga wa mawe ya kusagwa kutoka Njiru, ambako mashimo ya mawe yana kisa chake, nasi tutakiandika Inshallah. Fundi alinung'unika kwamba lipu itakwaruza.

Mabinti wameshahamia juu. Lipu, kweli, inakwaruza.