Dawa kali za maumivu na hatari ya kuvunjika mifupa

Katika nyumba nyingi za Shinyanga, Kahama na Geita, maumivu ni jambo la kila siku. Kijana anarudi kutoka kwenye maduara ya Nyarugusu au Rwamgasa, mgongo umekaza kwa kubeba viroba vya mawe. Mama mzee naye analalamikia magoti. Panadoli ikishindwa, hutafutwa dawa kali zaidi, kama tramadoli, kodeini au mofini. Hizi ni za jamii ya afyuni.

Wengi wetu tunajua kuwa dawa hizi huweza kumfanya mtu awe mtumwa wake. Wachache wanajua kuwa zinaweza pia kusababisha kuvunjika mifupa. Inakuwaje?

Kwanza, huleta usingizi na kizunguzungu, hasa siku za mwanzo au dozi inapoongezwa. Mzee anaamka gizani kutawadha kwa ajili ya sala ya Alfajiri, sakafu ina maji, anateleza na nyonga inavunjika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliohusu watu wa Uingereza wenye umri wa miaka 50 na zaidi, ulionyesha kuwa walioanza tramadoli walivunjika nyonga zaidi kuliko walioanza kodeini au ibuprofeni.

Pili, zikitumika kwa miezi mingi hupunguza homoni za uzazi, ambazo pia hulinda uimara wa mifupa, kwa wanaume na wanawake.

Tatu, tramadoli ikizidi kipimo huweza kuleta degedege. Fikiria mtu anayepatwa na hali hiyo akiwa ukingoni mwa duara!

Tufanye nini? Usimeze dawa hizi kwa kuelekezwa na rafiki. Nenda kwa daktari. Usizichanganye na dawa za usingizi, na pombe ndiyo kabisa. Mwezi wa Ramadhani usimeze dozi mbili kwa pamoja wakati wa futari ili kufidia ya mchana; mwombe daktari akupangie. Mzee anayezitumia awekewe taa na maji ya udhu karibu, akae kwanza kitandani kabla ya kusimama. Akiwa na kizunguzungu, dini imemruhusu kusali ameketi. Aliyezitumia kwa wiki nyingi asiache ghafla, bali apunguziwe taratibu na daktari.

Hata hivyo, mgonjwa wa saratani, wa selimundu au aliyefanyiwa upasuaji asinyimwe dawa hizi kwa hofu. Zikitolewa kwa kipimo ni rehema kwake. Kazi yetu sisi wa nyumbani ni kuhakikisha haanguki.