Kiduha Humnyima Mtoto Uji



Je, umepata kuona mahindi yaliyoota vizuri, kisha yakadumaa na kuwa ya manjano ingawa mvua ipo? Tazama chini yake. Ukiona gugu fupi lenye maua ya zambarau, hicho ni kiduha. Wajaluo hukiita kayongo. Watu wengine husema shamba limerogwa. Si uchawi. Kiduha ni mmea mwizi.

Kiduha huibaje?

Mbegu ya kiduha ni ndogo kama vumbi. Yaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10. Mzizi wa mahindi, mtama au uwele ukipita karibu, hutoa majimaji yanayoiamsha. Mbegu huota, hushika mzizi huo na kunyonya chakula chake. Kiduha kinapotokeza juu ya ardhi, mahindi yamekwisha kuumia. Mche mmoja waweza kutoa mbegu 50,000 na zaidi. Kwa hiyo king'oe kabla hakijatoa maua.

Dawa yake ni mmea

Upo mmea uitwao desmodiamu. Ni wa jamii ya maharage, nao hutambaa. Katika miaka ya 1990, wataalamu wa ICIPE huko Mbita, nchini Kenya, waliona kwamba kiduha hupungua sana mahali penye desmodiamu.

Sababu ni majimaji ya mizizi yake. Yana dawa za namna mbili. Ya kwanza huamsha mbegu za kiduha. Ya pili huzuia kichipukizi kisishike mzizi wa mahindi. Kiduha hukosa chakula, hufa. Kila msimu mbegu zilizomo ardhini hupungua.

Usichemshe majani yake ukanyunyiza. Dawa hutoka katika mizizi iliyo hai ardhini.

Namna ya kupanda

1. Lima shamba vizuri, udongo uwe laini.
2. Panda mahindi kwa mistari, sentimita 75 kati ya mstari na mstari.
3. Changanya mbegu za desmodiamu na mchanga mkavu, kwa kuwa ni ndogo sana.
4. Zipande katika kifereji chembamba katikati ya mistari, mvua inapoanza.
5. Palilia kwa mkono, usiing'oe desmodiamu ikiwa changa.

Msimu wa kwanza una kazi. Lakini desmodiamu hudumu miaka mingi, nayo hurutubisha udongo.

Faida kwa afya

Mavuno yakiwa haba, uji huwa mwepesi na mtoto hudhoofika. Shamba likipona, chakula huongezeka. Tena desmodiamu ni malisho mazuri ya ng'ombe na mbuzi. Ikate, uwape. Maziwa yakipatikana, mpe mtoto baada ya kuyachemsha.

Mwone bwana shamba wako, umwulize mahali pa kupata mbegu.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini kiduha si uchawi?
2. Kwa nini king'olewe kabla ya kutoa maua?
3. Katika kijiji chenu, nani ataanza kujaribu?