Sahani na Chupa ya Maji: Lishe ya Mwanamichezo Anayetumia Kiti cha Magurudumu

Katika nyumba nyingi za Muhuru Bay, anayetoka mazoezini hupakuliwa bonge kubwa la ugali. Ni desturi nzuri. Lakini mchezaji akiwa anatumia kiti cha magurudumu, familia huanza kujiuliza. Je, apakuliwe sawa na ndugu yake anayecheza kandanda? Au apunguziwe kwa kuwa hatumii miguu? Na kwa nini wengine hushinda uwanjani kutwa nzima bila kunywa maji, ilhali ziwa liko mbele ya macho yao?

Makala haya yanajibu maswali hayo kwa wachezaji, wazazi, walimu na makocha.

Mwili hutumia nguvu kiasi gani?

Hata tukiwa tumelala, mwili hutumia chakula kuendesha moyo, mapafu na ubongo. Kiasi hicho hutegemea sana wingi wa misuli. Mtu aliyeumia uti wa mgongo hupungukiwa na misuli ya miguu kadiri muda unavyopita. Kwa hivyo, akiwa amepumzika, mahitaji yake ya nguvu huweza kuwa chini kwa takriban robo akilinganishwa na mtu asiye na jeraha hilo.

Uwanjani pia kuna tofauti. Anayekimbia hutumia mapaja, ambayo ni misuli mikubwa kuliko yote mwilini. Anayesukuma magurudumu hutumia mikono, mabega na kifua. Hutoka jasho na moyo humdunda, lakini kwa jumla huchoma kalori chache kuliko mkimbiaji aliyefanya mazoezi kwa muda uleule.

Kinachosahaulika ni kwamba mahitaji ya protini, vitamini na madini hayapungui. Mabega yanayosukuma kiti kutwa nzima yanahitaji kujengwa upya kila siku. Ngozi ya makalio inahitaji protini ili isichubuke na kufanya vidonda. Mifupa ya miguu isiyobeba uzito hudhoofika, nayo inahitaji kalsiamu. Kwa ufupi, sahani inaweza kuwa ndogo, lakini lazima iwe na vitu vya maana.

Tukumbuke pia kwamba wanamichezo hawa hawafanani. Aliyekatwa mguu chini ya goti bado ana misuli mingi, na mahitaji yake huwa karibu na ya mchezaji mwingine yeyote. Aliyepooza kwa polio hupoteza nguvu za misuli, lakini bado anahisi maumivu na kutoka jasho. Aliyeumia uti wa mgongo huweza kukosa vyote viwili chini ya jeraha. Ndiyo maana kipimo cha mwenzako hakiwezi kuwa chako.

Chakula kipo hapa kwetu

Mwanamichezo huhitaji gramu 1.2 hadi 2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji angalau gramu 72. Hahitaji unga wa bei ghali wa kujenga misuli. Gramu 50 za omena iliyokauka vizuri zina zaidi ya gramu 25 za protini. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina takriban gramu 15, mayai mawili gramu 12, na glasi mbili za maziwa gramu 16. Ukiongeza kilichomo katika ugali na mboga, hesabu imetimia. Omena pia huliwa na mifupa yake, na humo ndimo kalsiamu ilimo.

Siku ya mazoezi mepesi au ya kupumzika, jaza nusu ya sahani kwa mboga kama osuga, dek au kunde, pamoja na tunda. Robo iwe samaki, maharagwe au ndengu. Robo iliyobaki iwe ugali, muhogo au viazi vitamu. Siku ya mazoezi mazito au mechi, ongeza ugali au viazi hadi theluthi ya sahani, kwa sababu wanga ndio unaoendesha misuli inayofanya kazi kwa kasi.

Kula mlo kamili saa mbili au tatu kabla ya mchezo. Mazoezi yakizidi saa moja, ndizi mbivu moja au mbili huongeza nguvu. Yakiwa mafupi, maji yanatosha. Soda na vinywaji vya sukari vya kila siku ndivyo huongeza uzito haraka, na kilo za ziada hubebwa na mabega yaleyale yanayosukuma kiti.

Usijinyime kupita kiasi

Wapo wanaoogopa unene hadi wakaacha kula. Dalili zake ni uchovu usioisha, majeraha yanayochelewa kupona, homa za mara kwa mara na, kwa wasichana, kukosa hedhi. Ukiziona, nenda kituo cha afya.

Usitegemee kipimo cha BMI peke yake. Kwa mtu aliyepooza, kipimo hicho huweza kusema uzito ni sawa, kumbe misuli imepungua na mafuta yameongezeka. Ni afadhali kupima mzunguko wa kiuno kila mwezi na kuuandika. Ili kujua uzito, pima mchezaji akiwa kwenye kiti, kisha pima kiti peke yake na utoe tofauti. Mzani wa nafaka wa jukwaa unaweza kutumika, mradi umesafishwa na kiti kimefungwa breki.

Maji na choo ni jambo moja

Tumesema aliyeumia uti wa mgongo huweza kutotoka jasho chini ya jeraha. Jasho ndilo hupoza mwili. Kwenye jua la ufuoni joto lake hupanda haraka, hasa ikiwa jeraha liko juu, kifuani au shingoni. Anahitaji kivuli, kitambaa chenye maji shingoni, na maji ya kunywa kidogo kidogo kila dakika 15 hadi 20.

Wengi wanajua hilo, lakini hawanywi. Hawanywi kwa sababu choo kiko juu ya ngazi, au mlango wake ni mwembamba kuliko kiti. Matokeo yake ni maambukizi ya njia ya mkojo, mawe kwenye figo na kizunguzungu.

Tatizo hili si la Nyatike pekee. Anne Wafula Strike, mzaliwa wa Kaunti ya Bungoma aliyeugua polio akiwa mtoto mdogo, aliiwakilisha Kenya katika mbio za viti vya magurudumu kwenye Michezo ya Paralimpiki ya Athens mwaka wa 2004. Baadaye alihamia timu ya Uingereza. Mnamo Januari 2017 aliueleza umma kwamba alikuwa amejikojolea ndani ya treni nchini Uingereza, kwa kuwa choo cha wenye ulemavu kilikuwa kimeharibika. Hakulazimika kusema. Alisema ili watu wajue anayenyimwa choo hunyang'anywa nini. Ikiwa hayo yalimpata mwanariadha wa kimataifa, tumwelewe msichana wa kijijini anayeikataa chupa ya maji.

Anayetumia mpira wa mkojo afuate ratiba aliyopewa na muuguzi, wala asinywe maji mengi kwa mkupuo. Kwa aliyeumia kifuani juu au shingoni, kibofu kilichojaa huweza kupandisha presha ghafla. Akilalamika kichwa kinamuuma sana huku uso ukitoka jasho, mkalishe wima, legeza nguo zinazombana, hakikisha mkojo unatoka, na umkimbize hospitalini. Hiyo ni dharura.

Wajibu wetu

Ibara ya 54 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kufika mahali pa umma bila vizuizi visivyo vya lazima. Ratiba ya Nne ya Katiba inaweka huduma za afya za kaunti na viwanja vya michezo mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hivyo mkazi ana haki ya kuuliza kuhusu choo cha uwanja kama anavyouliza kuhusu barabara. Liulize jambo hilo katika mikutano ya umma ya bajeti.

Hata kabla ya bajeti, shule, kanisa au kikundi kinachoalika timu kinaweza kukagua mambo manne: njia isiyo na ngazi, mlango wa upana wa sentimita 90, mti wa kushikilia ukutani, na maji ya kunawa yanayofikiwa na aliyeketi. Fundi wa kijijini anaweza kuyatengeneza.

Kwa ushauri wa lishe unaokufaa wewe binafsi, hasa ukiwa na kisukari au ugonjwa wa figo, muone mtaalamu wa lishe kupitia kituo cha afya kilicho karibu nawe, au zungumza na mhudumu wa afya ya jamii anayekutembelea nyumbani.