Mshauri wa kilimo, daftari ni mtaji
WAKULIMA wa vitunguu saumu Dongobesh, wilayani Mbulu, humhitaji mtaalamu shambani, si ofisini. Kwa mshauri aliyejiajiri, safari hizo ndizo zinazokula faida yake asipoziandika.

Chukua mfano: analipwa Sh60,000 kwa siku. Bodaboda Sh15,000, chakula Sh5,000, vocha Sh2,000. Zinabaki Sh38,000. Akihesabu saa 10, pamoja na za njiani, kila saa ni Sh3,800 tu.

Andika siku hiyohiyo: saa ya kutoka na kurudi, ushauri uliotoa, fedha ulizotumia. Stakabadhi zibandike. Mkulima akilalamika kuwa dawa haikufanya kazi, daftari ndilo shahidi wako. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 nayo inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5.