Anayeunda kompyuta nyumbani asipuuze pawa saplai

MKAZI wa Rudewa, wilayani Kilosa, anayeamua kujiundia kompyuta ya mezani kwa kawaida hufikiria kwanza kasi ya prosesa, ukubwa wa kumbukumbu na ubora wa kioo. Pawa saplai, yaani kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vipuri vyote, mara nyingi hununuliwa mwisho, kwa fedha iliyobaki.

Uamuzi huo unaweza kumgharimu. Pawa saplai duni ikiharibika inaweza kuunguza ubao mama pamoja na diski yenye kazi za miaka mingi. Kwa mtu anayefuata vipuri Morogoro mjini au Kariakoo, Dar es Salaam, kila kinachoungua ni nauli nyingine.

Kazi ya kifaa hicho ni kuubadili umeme wa volti 230 unaosambazwa na Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) kuwa umeme wa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Prosesa na kadi ya grafiksi, ambazo ndizo zinazotumia umeme mwingi zaidi, hutegemea volti 12.

Hesabu ya wati

Hatua ya kwanza ni kujumlisha mahitaji ya vipuri. Kwa mfano, prosesa ya Intel Core i5-12400 inaweza kufikia wati 117 ikifanya kazi kwa nguvu zote, na kadi ya GeForce RTX 3060 hutumia wati 170. Ubao mama, kumbukumbu, diski na feni vikikadiriwa kuwa wati 60, jumla ni wati 347.

Jumla hiyo huongezwa takriban theluthi moja, kwa kuwa matumizi hupanda ghafla na kifaa hakifai kufanya kazi kwenye ukomo wake muda wote. Hivyo pawa saplai ya wati 500 hadi 550 inatosha. Kompyuta ya ofisi isiyo na kadi ya grafiksi ya ziada haihitaji zaidi ya wati 300 zilizo za kweli.

Neno "za kweli" lina uzito, kwa sababu si kila namba iliyoandikwa kwenye kisanduku ni ya kuaminika. Mnunuzi asome jedwali la ubavuni na kuzidisha volti 12 kwa ampea zilizotajwa hapo. Kifaa kinachojitangaza kuwa cha wati 500, lakini kina ampea 18 tu kwenye volti 12, hutoa wati 216 pekee katika njia hiyo muhimu.

Dalili nyingine ya ubora ni alama ya 80 Plus, mpango ulioanza mwaka 2004. Kifaa chenye alama hiyo hupoteza umeme kidogo kwa njia ya joto, jambo lenye faida kwa anayenunua uniti za LUKU. Kompyuta inayovuta wati 200 ukutani kwa saa tano humaliza uniti moja.

Swichi nyekundu

Baadhi ya pawa saplai za zamani, hasa za kompyuta zilizotumika, zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye namba 115 na 230. Volti 115 ni kwa nchi kama Marekani. Nchini Tanzania swichi hiyo ikiachwa kwenye 115, pawa saplai inaweza kulipuka mara tu kompyuta inapochomekwa. Ni lazima ikaguliwe kabla ya kuwasha.

Vijijini, hasa kwenye nyumba zilizo mwisho wa laini, volti huweza kushuka jioni wakati watu wengi wanatumia umeme. Kwa hali hiyo ni bora kuchagua pawa saplai iliyoandikwa volti 100 hadi 240, kwani huvumilia mabadiliko hayo kuliko iliyoandikwa 200 hadi 240 tu.

Hata hivyo, hakuna pawa saplai inayoweza kuhimili kukatika kwa umeme. Akiba iliyomo ndani yake hudumu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Anayeogopa kupoteza kazi yake anahitaji UPS, na hapo pia asome wati badala ya VA, kwa kuwa UPS nyingi ndogo za VA 650 hutoa wati zisizofika 400.

Joto na vumbi navyo hupunguza uwezo wa kifaa. Feni isafishwe kwa brashi au kwa kupuliza hewa, kompyuta ikiwa imechomolewa. Kisanduku chenyewe kisifunguliwe na asiye fundi, kwani kapasita zilizomo huweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya waya kutolewa ukutani.

Mwisho, soketi iwe na waya wa ethi uliofungwa ipasavyo. Bila huo, mwili wa chuma wa kompyuta unaweza kumpiga shoti mtumiaji, na hata pawa saplai ya bei kubwa haiwezi kuziba pengo hilo.